Akiba ya siku mbaya: kompani zinazoweka hazina yao katika Bitcoin



Tukienda vakansi katika parokia zetu, twaulizwa maswali yasiyomo katika vitabu vya teolojia. Moja katika maswali yale linarudi sana siku hizi. Kijana wa kwaya, mwenye kutunza feza ya mabati ya kanisa, anasema: «Fratri, feza yetu inalala tu katika sanduku, na bei ya bati inapanda. Nimesoma katika simu ya kwamba kompani kubwa za Marekani zimetoa akiba yao katika banki, zikanunua Bitcoin. Wale ni watu wa elimu. Basi sisi twangoja nini?»

Tusimcheke kijana huyu. Mwenye kumjibu: «Hayo ni mambo ya shetani», hakujibu neno. Mwenye kumjibu: «Fanya upendavyo», naye hakujibu. Tena, ndugu, siku moja atakayeulizwa hatakuwa fratri wa vakansi, bali padri ekonomo, mwenye kushika ufunguo wa sanduku la jimbo zima. Kwa hiyo tutazame pole pole: akiba ya kompani ni ya kazi gani, Bitcoin ni kitu gani, kompani zile zilifanya nini kwa kweli. Mwishoni tutaona kama mfano wao wafaa sanduku la mabati.

1. Akiba ya kompani ni ya kazi gani?

Kompani ni sawasawa na nyumba kubwa. Kila mwisho wa mwezi inalipa wafanyakazi, inanunua vyombo, inalipa kodi kwa serikali. Lakini feza inayoingia haiji sikuzote siku ile inayotakiwa kutoka. Mnunuzi anachelewa kulipa, mashini inavunjika, ugonjwa unafunga njia. Basi kompani yenye akili inaweka feza pembeni. Feza ile ndiyo hazina yake.

Mwenye kutunza hazina anajiuliza mambo matatu, na utaratibu wake haugeuzwi. La kwanza: Je, feza hii itakuwapo siku nitakapoihitaji? La pili: Je, nitaweza kuitoa upesi? La tatu: Je, itazaa kitu? Kwa sababu hiyo kompani nyingi zinaweka akiba yao katika banki, ao zinaikopesha serikali yenye nguvu kwa muda wa miezi michache. Faida yake ni ndogo, lakini aliyeweka mia atakuta mia. Ni kama mbegu ya mahindi ambayo mama anaitundika juu ya moshi wa jiko. Mbegu ile haimshibishi mtu leo. Lakini mvua ikinyesha, mama hatembei kuomba kwa jirani.

2. Ugonjwa wa feza ya karatasi

Wazee walisema: Akiba haiozi. Lakini sisi watu wa Kongo twajua ya kwamba akiba ya karatasi yaoza. Mwaka 1979, wakati wa Noeli, serikali ya Zaire ilitangaza ya kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina samani tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, na kiasi cha kubadilisha kilikuwa na mpaka. Wengi waliokuwa wameficha feza nyumbani walibaki na karatasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: moja ilichukua nafasi ya zaire 3.000.000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo: franka moja kwa zaire mpya 100.000. Mtu aliyefunga noti zake katika sanduku miaka ile yote, bila mwizi hata mmoja kuingia kwake, aliibiwa zote.

Kwa hiyo tusizarau woga wa yule kijana. Mwaka 2020 wakubwa wa kompani fulani za Marekani walishikwa na woga wa namna ile ile, ijapokuwa dola yao haikuwa na ugonjwa mkali kama zaire. Wakati wa korona serikali yao ilitoa dola nyingi sana kwa kusaidia watu, na feza iliyowekwa banki haikuzaa karibu kitu. Wakasema moyoni: Akiba yetu inayeyuka kama chumvi katika mvua. Wakatafuta kitu kisichoweza kuongezwa na serikali yoyote.

3. Bitcoin ni kitu gani?

Bitcoin ni feza isiyo na karatasi wala chuma. Mtu mmoja, ao watu kadha, waliojificha nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto, waliandika mpango wake mwaka 2008, nayo ikaanza kutembea mwezi wa kwanza wa mwaka 2009. Baadaye zikazaliwa nyingine nyingi za namna ile. Vijana waziita zote kripto.

Tuifikirie kama kitabu kimoja cha hesabu. Kitabu kile hakikuwekwa katika banki moja. Nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani pote, na zote zinaandika neno moja: ufunguo huu una Bitcoin kadha wa kadha, na ufunguo ule kadha wa kadha. Ufunguo wenyewe ni hesabu ndefu ya siri. Mwenye kuujua anaweza kutuma Bitcoin zake popote penye intaneti. Mwenye kuupoteza amepoteza vyote, wala hakuna afisi ya kupelekea malalamiko. Wenye kompyuta za nguvu wanashindana kufunga kila ukurasa mpya wa kitabu, na mshindi analipwa Bitcoin mpya. Malipo yale yanakatwa nusu baada ya miaka karibu 4. Tangu mwezi wa nne wa mwaka 2024 ni Bitcoin 3,125 kwa kila ukurasa. Zote pamoja hazitapita 21.000.000.

Hapa twaona nguvu yake. Hakuna Raisi awezaye kuamka siku ya Noeli na kuchapisha nyingine milioni mia, wala kutangaza ya kwamba zile za zamani zimekufa.

Lakini uzaifu wake ni huu: Bitcoin haizai. Shamba lazaa mihogo, nyumba yazaa kodi ya mpangaji, mkopo wazaa faida. Bitcoin moja ikiwekwa miaka 10 itabaki Bitcoin moja. Bei yake ni ile tu ambayo mnunuzi wa kesho atakubali kutoa. Mwezi wa 11 wa mwaka 2021 ilifika karibu dola 69.000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu dola 16.000. Mwezi wa 10 wa mwaka 2025 ilipita dola 126.000, na mwezi uliofuata ilianguka chini ya 90.000. Basi tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi wanayachanganya: hesabu ya Bitcoin haigeuki, lakini bei yake inageuka sana.

4. Kompani iliyotangulia

Kompani iliyofungua njia hii inaitwa MicroStrategy, katika jimbo la Virginia, Marekani. Michael Saylor na wenzake waliianzisha mwaka 1989. Kazi yake ni kuuza programu za kompyuta zinazosaidia kompani nyingine kusoma hesabu zao. Mwezi wa nane wa mwaka 2020 ilitangaza ya kwamba imetoa dola milioni 250 katika akiba yake, ikanunua Bitcoin 21.454, ni kusema karibu dola 11.650 kwa kila moja. Mwezi uliofuata iliongeza nyingine. Ilisema wazi ya kwamba tangu sasa Bitcoin ndiyo akiba yake ya kwanza, dola ni ya nyuma.

Wengine walifuata. Mwezi wa pili wa mwaka 2021 Tesla, kompani ya magari ya umeme, ilitangaza ya kwamba imenunua Bitcoin za dola miliari 1 na nusu. (Miliari moja ni milioni 1.000.) Lakini katikati ya mwaka 2022, bei ilipoanguka na kompani ilipotaka kuwa na feza mkononi, iliuza robo tatu ya Bitcoin zake. Huko Japani, kompani ya hoteli inayoitwa Metaplanet ilianza mwezi wa nne wa mwaka 2024, na mwisho wa mwezi wa tisa wa mwaka 2025 ilikuwa na zaidi ya Bitcoin 30.000.

Wengine walikataa. Mwezi wa 12 wa mwaka 2024 wenye hisa wa Microsoft waliulizwa kama kompani yao ichunguze njia hii. Karibu wote walijibu: Hapana. Kijana wetu wa kwaya hakusoma habari hiyo katika simu, maana anayekataa hapigi kelele.

MicroStrategy yenyewe haikurudi nyuma. Mwaka 2025 ilifupisha jina lake kuwa Strategy, na mwezi wa 10 wa mwaka ule Bitcoin zake zilipita 640.000. Hapo lazima msomaji ajiulize: akiba yake ya kwanza ilikuwa karibu nusu miliari ya dola, feza ya kununua hizi zote ilitoka wapi? Jibu la swali hili ndilo kiini cha habari yote.

5. Injini ya hisa na deni

Haikutoka katika faida ya programu. Ilitoka katika kuuza hisa, ndizo sehemu za kompani, na katika kukopa. Tuchukue mfano wa gala la mahindi.

Tuseme kompani ina hisa 100, na gala lake lina magunia 100. Kila hisa ina gunia moja nyuma yake. Lakini watu wa soko wanaipenda sana kompani ile, hata wanalipa bei ya magunia 2 kwa hisa moja. Kompani inatengeneza hisa 10 mpya, inaziuza, inapokea bei ya magunia 20, inanunua magunia 20. Sasa gala lina magunia 120 kwa hisa 110: kila hisa ina gunia 1,09. Wenye hisa wa zamani wanapiga makofi, kwa kuwa gunia lao limekua bila kulima. Lakini nyongeza ile imetoka wapi? Haikutoka shambani. Imetoka katika mfuko wa mgeni, aliyelipa bei ya magunia 2 akapata gunia 1,09.

Sasa tugeuze mfano. Watu wamechoka, na hisa moja yauzwa kwa bei ya sehemu nane za kumi za gunia. Kompani ya hisa 100 na magunia 100 ikiuza hisa 10, itapata bei ya magunia 8 tu. Gala litakuwa na magunia 108 kwa hisa 110: kila hisa ina gunia 0,98. Injini ile ile iliyokuwa ikijaza gala la kila mmoja sasa inalipunguza. Mwisho wa mwaka 2024 soko liliihesabu kompani ya Saylor kuwa na samani zaidi ya mara mbili ya Bitcoin zake. Mwisho wa mwaka 2025 samani hizo mbili zilikuwa karibu sawasawa.

Wazee wa Kinshasa wakisikia mfano huu watakumbuka Bindo, aliyekusanya feza za watu na kuahidi kuzizidisha, mpaka nyumba ikaanguka mwaka 1991. Tuseme haki: si kitu kimoja. Bindo alilipa wa kwanza kwa feza ya wa mwisho, na gala lilikuwa tupu. Kompani hizi zina Bitcoin kweli, na sheria ya Marekani inazilazimisha kutangaza hesabu zao mbele ya wote. Anayenunua hisa aweza kusoma kabla ya kununua. Hata hivyo, kwa jambo moja zinafanana: furaha ya aliyetangulia inamtegemea anayefuata.

Kisha kuna deni. Mwezi wa pili wa mwaka 2021 kompani ilikopa zaidi ya dola miliari 1, bila kuahidi faida hata senti moja. Kwa nini mtu akopeshe bure? Kwa sababu alipewa ruhusa ya kugeuza deni lake kuwa hisa kama bei ya hisa ikipanda sana. Ikiwa haipandi, anadai feza yake siku ya mwisho. Mwaka 2025 kompani iliuza hisa za namna nyingine, zinazoahidi malipo ya kila mwaka, nyingine 8 kwa mia, nyingine 10 kwa mia. Wenye hisa hizo wanangojea feza, dola halisi, si maneno. Kazi ya programu, iliyoingiza karibu dola milioni 463 mwaka 2024 kabla ya kutoa garama, haiwezi kubeba mzigo ule peke yake. Nayo Bitcoin, kama tulivyosema, haizai.

6. Faida iliyoandikwa na faida iliyomo mkononi

Fratri atakayesoma hesabu za kompani hizi ajihazari na neno «faida». Hapo zamani sheria ya hesabu ya Marekani ilikuwa kali: Bitcoin ikishuka, kompani iliandika hasara, ikipanda tena, haikuruhusiwa kuandika faida mpaka imeuza. Hivi katika miezi mitatu ya katikati ya mwaka 2022 kompani ya Saylor iliandika hasara ya dola milioni 917 juu ya Bitcoin ambazo haikuziuza.

Mwisho wa mwaka 2023 sheria ilibadilishwa, na tangu mwaka 2025 kompani zote zinaandika bei ya soko kila baada ya miezi mitatu. Basi miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2025 kompani ile iliandika hasara ya dola miliari karibu 6. Miezi mitatu iliyofuata ikaandika nyongeza ya dola miliari 14. Katika miezi ile sita wafanyakazi walikuwa karibu wale wale, na wanunuzi wa programu karibu wale wale. Ni bei ya Bitcoin tu iliyotembea. Sheria mpya ni ya kweli zaidi kuliko ile ya zamani, lakini inataka msomaji mwenye macho. Mkulima ambaye bei ya kahawa imepanda wakati kahawa yake ingali mtini hajawa tajiri bado. Wala hajafilisika bei ikishuka kabla ya mavuno.

7. Siku mbaya ikafika

Akiba haipimwi siku ya sikukuu. Yapimwa siku mbaya. Mwisho wa mwaka 2025 ulileta kipimo kidogo.

Sequans, kompani ya Ufaransa inayotengeneza vipande vya ndani vya vyombo vinavyotumia mawasiliano ya simu, ilikopa na kununua Bitcoin katikati ya mwaka 2025. Kabla mwaka haujaisha, mwezi wa 11, ilitangaza ya kwamba imeuza Bitcoin 970 kwa kulipa karibu nusu ya deni lake. Akiba iliyonunuliwa kwa deni ilirudi kwa mwenye deni.

Na kompani ya Saylor? Mwaka 2025 Bitcoin yenyewe haikupoteza hata sehemu moja ya kumi ya bei yake, tukilinganisha mwanzo wa mwaka na mwisho wake. Lakini hisa ya kompani ilipoteza karibu nusu. Watu waliodhani ya kwamba kununua hisa ya kompani ni sawasawa na kununua Bitcoin walijifunza kwa garama kubwa ya kwamba injini inazunguka pande mbili.

Kisha, siku ya kwanza ya mwezi wa 12 wa mwaka 2025, kompani ikafanya jambo ambalo mimi naliona kuwa somo kubwa kuliko yote. Ilitangaza ya kwamba imeweka akiba ya dola miliari 1,44, iliyopatikana kwa kuuza hisa, ili iweze kulipa wale walioahidiwa malipo ya kila mwaka, na kulipa faida ya madeni. Akiba ya dola! Kompani iliyofundisha dunia kukimbia dola ilijenga sanduku la dola pembeni ya gala la Bitcoin. Sisemi hayo kwa kuicheka. Ilifanya kwa akili. Lakini tuelewe maana yake. Mwenye kudai dola hulipwa dola. Kitu kinachoweza kupoteza robo ya bei yake katika wiki chache chaweza kuwa mali, chaweza kuwa matumaini, chaweza hata kumtajirisha mwenye kungoja miaka mingi. Lakini siku ya malipo, akiba ni kile kilichopo.

8. Tumjibu nini kijana wa kwaya?

Sasa turudi kwenye sanduku la mabati. Kijana alisema: Wakubwa wanafanya, na sisi tufanye. Tumwonyeshe tofauti tatu.

Ya kwanza ni juu ya mwenye feza. Anayenunua hisa ya kompani ile anajua anachonunua. Asipopenda, anauza kesho. Lakini mjane aliyetoa franka zake siku ya matoleo hakununua hisa. Alitoa kwa mabati. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 1267, zasema wazi ya kwamba matoleo ya waamini yaliyotolewa kwa kusudi fulani hayawezi kutumiwa isipokuwa kwa kusudi lile. Nayo kanuni ya 1284 yamtaka kila mwenye kutunza mali ya Kanisa awe na bidii kama baba mwema wa nyumba. Na feza inayozidi matumizi, akitaka kuiweka mahali ili izae, apate kwanza ruhusa ya mkubwa wake. Kutia feza ya mjane katika kitu kinachopanda na kushuka hivi, pasipo kumwuliza, si ujasiri. Ni kucheza na kitu cha mwingine.

Ya pili ni juu ya wakati. Kompani ya Saylor iliweza kuvumilia mwaka 2022 bila kuvunja gala, kwa sababu sehemu kubwa ya madeni yake ilikuwa ya miaka ya mbele. Paa la kanisa halina miaka ya mbele: lina mwezi wa tisa, na mvua yake. Bei ikianguka mwezi wa nane, chama kitauza kwa hasara ao kitasali katika maji.

Ya tatu ni juu ya ufunguo. Kompani kubwa zinaweka funguo zao kwa walinzi waliofundishwa kazi hiyo, na watu wengi wanachungana. Katika kwaya, ufunguo utakuwa katika simu ya kijana mmoja. Simu ikianguka mtoni, ao kijana akiitwa na Mungu usiku, ni nani atakayefungua? Tena wadanganyifu wamejaa wanaouza jina la Bitcoin pasipo Bitcoin yoyote nyuma yake, na wanawapenda sana watunzaji wa sanduku za chama.

Tusifikiri ya kwamba Kanisa linakataa kitu kwa sababu ni kipya. Tangazo la Roma la mwaka 2018 juu ya mambo ya uchumi na feza halikemei soko; linaonya juu ya biashara ya feza inayojitenga na kazi na mahitaji ya watu. Na hapa kwetu kuna mfano wa kutazamwa. Mwaka 2020 Parki ya Virunga ilianza kutengeneza Bitcoin huko Luviro, kwa umeme wa maji ya mto uliokuwa haujapata wanunuzi. Wakati ule watalii walikuwa hawaji, na walinzi wa parki wangali wanahitaji mishahara. Watu waweza kubishana juu ya kazi hiyo. Lakini tuone tofauti. Pale Bitcoin ilikuwa tunda la maji na mashini, iliyouzwa ipate kulipa kazi. Haikununuliwa kwa deni, wala kwa feza ya mjane, ili ingojewe ipande.

Lakini kijana atasema: Feza yetu ya karatasi yaoza, wewe mwenyewe umesema. Ndiyo, na asemaye vile anastahili zaidi ya «hapana». Wazazi wetu, walioona zaire ikifa, walijua dawa: hawakulaza feza, waliigeuza upesi kuwa kitu kile walichokihitaji. Akiba nzuri ya mabati ni mabati. Kila mara sanduku likitosha mabati 10, yanunuliwe mabati 10, yapangwe katika chumba cha parokia, yahesabiwe mbele ya watu, na hesabu ibandikwe mlangoni mwa kanisa. Bati halipandi kama Bitcoin. Lakini bei ya bati ikipanda, yetu yamekwisha kununuliwa. Ikishuka, paa letu ni lile lile. Feza kidogo ya misumari na ya fundi ikae banki, kwa sahihi za watu wawili.

Na kama kijana, kwa jasho lake mwenyewe, baada ya kulipa karo ya wadogo wake, ataka kununua Bitcoin kidogo? Huyo ni mtu mwenye feza yake. Tumwambie ukweli tuliousoma hapa, tumwambie asikope kwa kununua, na asiweke ndani yake kitu ambacho hawezi kukikosa. Kisha tumwache na uhuru wake.

Ndugu, siku moja wakristu watatia mikononi mwetu feza ambayo hatukuitolea jasho. Hawatatuuliza kama tuliizidisha mara kumi. Watatuuliza siku ya mvua: Baba, paa liko wapi?